Kadi za Sauti Ndani ya Kopo la Maziwa

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Zile namba zilizochapwa mgongoni mwa chipu, ambazo usipozisoma huwezi kujua kadi imetoka kiwanda gani, kwangu sasa ni vumbi tu. Nilipoanza kuwaomba wateja wanisomee, nilijua muda umefika. Ninyi mliobaki kwenye atelier, karakana yetu, pale Bulengera mmeniomba niandike mambo ya kazi, hasa ya miaka ya vita, kwa kuwa mmekua na simu mkononi na hamwamini kwamba kulikuwa na wakati ambapo kompyuta ya Butembo, huku kwetu Kongo, iliogopa kutoa sauti. Naandika basi. Kuhusu mshahara na vyeo sina la kusema. Nilikuwa mkubwa wangu mwenyewe, na sikuwahi kujipandisha.

Kazi nilijifunza Beni, kabla ya vita ya kwanza, kwa Mzee Ramazani, fundi wa redio karibu na soko. Ndugu zake wote walikuwa wasafirishaji, watu wa malori. Yeye tu ndiye aliyekuwa akitapika kila alipopanda gari, na kwa hiyo ukoo ukamwachia redio. Siku yangu ya kwanza aliniketisha mbele ya mama mmoja aliyeleta redio iliyokufa. Nikashika bisibisi. Ramazani akaninyang'anya.

"Weye unafungua nini? Mama hajamaliza kusema."

Mama alianza na siku mume wake alipoinunua. Akaenda hadi kwenye ubatizo, ugomvi na shemeji, paa lililovuja. Mimi nilikuwa nasinzia. Katikati ya habari ya paa akasema, kama jambo dogo, kwamba mtoto aliwahi kumwagia uji ndani ya ile redio ili iache kulia. Ramazani akanirudishia bisibisi.

"Sasa fungua. Tafuta uji."

Ndivyo nilivyofundishwa. Mteja anajua ugonjwa, ila hajui kwamba anaujua. La pili alilonifundisha: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, kisha badilisha kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujajifunza lolote. Isipopona, sasa una magonjwa manne.

Kompyuta ya kwanza ilitufikia kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, pamoja na kitabu cha Kifaransa ambacho nusu yake ya mbele ilikwisha kufungia karanga. Tulianzia katikati. Huko katikati ndiko nilikogundua kwamba mashine, kabla ya kuwaka, inatoa milio, na kila mlio una maana: mrefu mmoja na mifupi miwili, kadi ya picha imelegea, mirefu inayojirudia, kumbukumbu haikukaa vizuri. Nilifurahi kama mtu aliyeelewa lugha ya ndege. Nilitembea Beni nzima nikipiga mluzi wa makosa. Ramazani aliomba niache, maana wateja walidhani namwita mbwa.

Vita ya kwanza ilipopita Beni, waliokimbia waliingia dukani kwa haraka wakabeba skrini zote, wakidhani ndizo televisheni. Masanduku waliyaacha. Tulikaa muda mrefu na bongo zisizo na macho. Ramazani alizikagua, akapangusa mikono, akaniambia niende zangu Butembo: "Kule batu banaleta machine toka Dubai kama banaleta sukari. Miye nitabaki na redio. Redio haiombi skrini."

Nikafungua chumba changu cha kazi Vulamba, humohumo Butembo. Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi mbili, brashi ya kupakia rangi kwa ajili ya vumbi jekundu, na gomme ya shule, ile ya kufutia penseli. Msiicheke gomme. Meno ya shaba ya kadi yakishika ukungu wa baridi ya Butembo, mashine haiioni kadi. Ukiyasugua kwa gomme yanang'aa na kadi inafufuka. Nimewafufua wengi kwa gomme kuliko kwa elimu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitasema moja. Sekretari wa shule moja alilalamika kwamba kompyuta yake inazimika kila mchana baada ya chakula. Aliamini inasinzia. Nilibadilisha kila kilichobadilika. Mwishowe niliketi naye mchana, nikala viazi vyake na sombe, yale majani ya muhogo, nikangoja. Jirani akawasha moulin ya kusaga mihogo, iliyokula umeme wa jenereta moja na shule. Taa ikapepesa, mashine ikalala. Nikamwambia sekretari tatizo ni unga. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea viazi.

Sasa nije kwenye sauti.

Vita ya pili ilipofika, wenye bunduki waliotawala mji, wa kila upande na kila zamu, walikuwa na hofu moja: phonie. Ile redio ya kuongelea mbali. Aliyekutwa nayo bila ruhusa alihesabiwa mpelelezi, na hilo halikuwa jambo la kucheka. Lakini askari wengi hawakujua phonie inafananaje. Walijua tu kwamba ni sanduku la chuma linaloongea.

Siku moja askari aliingia chumbani kwangu kujikinga mvua. Nilikuwa ndiyo kwanza nawasha mashine ya mteja, na mfumo ukaimba ule wimbo wake mfupi wa kuamka. Askari akageuka, bunduki nayo ikageuka.

"Nani anakujibu?"

"Ni machine, chef. Inasema tu imeamka."

"Inaambia nani?"

"Inaniambia miye, chef."

"Rudilia."

Nikazima, nikawasha. Ikaimba. Akaomba tena. Hadi mvua inakatika nilikuwa nimeiamsha mara zisizohesabika, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti changu akitikisa kichwa kwa furaha, kama yuko misani. Alipoondoka alibeba baffles zote mbili, vile visanduku vya kutolea sauti, "juu ya enquête," yaani kwa uchunguzi.

Habari ilizunguka mji. Tangu hapo kila mwenye kompyuta alikuja mbio na neno moja: toa sauti. Si kuipunguza, kuing'oa. Askari hawakuamini kitufe cha kuzima sauti, waliamini tundu tupu. Nikawa nang'oa kadi za sauti mji mzima, mara nyingine mwenye mashine akichungulia mlangoni na kunihimiza, na kadi naziweka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Zilichanganyikana humo kama maharagwe. Wale wenye bunduki walipoondoka na mji ukapumua siku chache, watu walirudi na neno la pili: rudisha sauti, tunataka muziki. Nami naingiza mkono kwenye kopo, natoa yoyote inayoingia kwenye tundu, natafuta pilote yake, yaani ile programu ndogo inayofundisha mfumo namna ya kuiongoza kadi, na mambo yanaendelea. Wakija wengine, tunang'oa tena. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Kadi si jino.

Mteja wangu mkubwa wa hiyo ng'oa-rudisha alikuwa Papa Paluku, mfanyabiashara wa vitenge mwenye depo na nyumba katika uwanja mmoja. Kompyuta ya depo ilishikwa na binti yake Kavira, mwepesi wa mikono na wa mdomo pia. Yeye ndiye aliyekuwa akinitumia watu, akiniita Yaya, yaani kaka mkubwa: "Mwambieni Yaya Kambale bale bamefika, akuje na kopo."

Kavira alikuwa amechumbiwa na Kakule, mwalimu wa Vuhovi, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Siku ya kuleta mbuzi za mahari ilipangwa. Lakini Papa Paluku alikuwa Dubai kununua mali, na ndege iliyokuwa imrudishe haikuruka, maana uwanja wa kutua ulikuwa umefungwa na wenye bunduki. Simu hazikuwapo mjini wakati ule. Kuahirisha nako hakukuwezekana. Watu wa Vuhovi walikuwa wamepata nafasi ya kupita na mbuzi kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, bila hata mbuzi mmoja kuishia kwenye chungu cha askari, na kila mtu alijua nafasi hiyo haiji mara mbili.

Papa Paluku akapata njia. Alirekodi sauti yake kwa kompyuta huko Dubai, ikachomwa kwenye CD, na mfanyabiashara mwenzake, asiyekuwa na mzigo wa kungoja kama yeye, akaileta kwa kupitia Kampala. Hapo akasimama mdogo wake, Kasereka, aliyekaa mahali pa baba. Huyu Baba Mudogo alikuwa mkulima wa kahawa, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuona chini yake kuna nini. Akatangaza sharti lake mbele ya wote.

"Mbuzi inapokelewa na sauti ya baba, ndani ya lupango ya baba. Miye siko baba. Sauti ikitoka, minapokea. Sauti isipotoka, mbuzi inarudi Vuhovi, na mutoto anabaki. Njo ivyo kwetu."

Na ndivyo ilivyo kwetu. Ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, kompyuta yenye kusoma CD ilikuwa moja tu, ile ya depo, na tundu lake la kadi ya sauti lilikuwa tupu.

Kavira alikuja kwangu siku mbili kabla ya sherehe. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Yaya Kambale, rudisha sauti. Hii mara hapana ya muziki."

Nilikwenda na kopo. Nikachagua kadi nzuri, nikaisugua kwa gomme, nikaiingiza. Mfumo ulianza kuimba wimbo wake wa kuamka, ukafika katikati, ukakwama. Sauti ikashikilia palepale, "mee-ee-ee-ee," bila kupumua, na skrini ikawa ya bluu yote. Mbuzi wa jirani akajibu. Nikajaribu kadi nyingine. Mee-ee-ee. Sasa walijibu wengi. Kavira alicheka hadi akaketi chini, kisha ghafla hakuwa anacheka.

Pilote nilizokuwa nazo hazikuwa za kadi zile, nilijiambia, basi huo ndio ugonjwa. Disketi kamili za pilote alikuwa nazo Ramazani, kwani hata baada ya kusema anabaki na redio alikuwa anakusanya kila disketi iliyopita Beni, kama mtu anayekusanya mihuri. Nikamtumia ujumbe kwa dereva wa kamioneti: alete zote.

Alifika asubuhi ya sherehe, kijivu usoni, ametapika njia nzima, na mfuko wa disketi kifuani. Watu wa Vuhovi walikuwa wamekwisha kufika, mbuzi wamefungwa kwenye mti wa eucalyptus mbele ya depo, akina mama wamekaa kwenye mikeka, jenereta inanguruma. Ramazani aliomba chai, akatueleza safari.

"Ku barrière askari anatoa disquette moja, anaigeuza, anainusa. 'Papa, oyo nini?' Minamwambia, chef, ni dawa ya machine. Anauliza, inakunywa ngapi kwa siku? Minamwambia moja asubuhi, moja mangaribi. Anatikisa kichwa. Anasema, 'Pole kwa mugonjwa.'"

Uwanja mzima ulicheka, hata Baba Mudogo, kofia ikatikisika. Ramazani alisogeza chai kando, akaisoma kadi, akachomoa disketi moja kati ya zote bila hata kutafuta. Pilote ilikuwa ileile, namba kwa namba. Tukaiweka, tukawasha.

Mee-ee-ee-ee. Bluu.

Safari hii mbuzi zote za mahari zilijibu pamoja. Wazee walikunja nyuso. Na kwa kuwa skrini ya bluu ilikuwa imeandika kwa Kifaransa *erreur fatale*, kosa la kuua, na Baba Mudogo alikuwa amesoma kwa mapadri, alisogea, akasoma, akavuta pumzi.

"Fatale? Nani amekufa?"

"Hakuna mufu, Baba Mudogo. Machine imeplanta, imekwama tu."

"Hapa tunaplanta kahawa. Weye unatuplantia mufu siku ya mahari?" Akawageukia watu. "Paluku iko Dubai, tuko tunangojea sauti yake, machine inaandika fatale. Miye hapana sipendi ivi."

Mama mmoja alianza kunong'ona jina la Papa Paluku kwa namna ambayo watu hunong'ona jina la marehemu. Uvumi huo ungefika langoni kabla sijawasha tena. Msemaji wa watu wa Vuhovi alitazama jua. Kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje, walipaswa kuwa wamevuka barrière, pamoja na mbuzi au bila mbuzi. Kakule, bwana harusi mwenyewe, alisimama karibu na mbuzi zake akiwa ameshika kamba moja, kana kwamba zingekimbia zenyewe kwa aibu.

Nilibadilisha kadi. Nilibadilisha tundu. Kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Bluu, bluu. Ramazani hakugusa kitu. Alinywa chai yake, akauliza:

"Kambale, hii machine ilisha kuwa na kadi ngapi?"

"Moja," nikajibu.

Kavira, aliyekuwa amejifunika kitenge kipya na amekatazwa kuongea kwa heshima ya siku, akashindwa kujizuia.

"Moja! Yaya, unasema moja? Ulileta ya kwanza wakati bale askari ba bottes, ba buti ndefu, bameenda. Ukaing'oa wakati bale ba kofia bamefika. Ukaleta ile ya njano, ile iliyokuwa inakohoa. Ukaing'oa juu ya bale walikula kuku ya Mama Masika. Kisha ukaleta ile fupi, tukasikiliza muziki siku moja tu, bale ba kwanza bakarudi..."

"Mutoto, nyamaza," alisema Baba Mudogo.

"Mumuache amalize," alisema Ramazani.

Kavira akamaliza. Alisimulia vita yote, kuingia na kutoka kwa kila jeshi, kadi kwa kadi, na mimi nilisikia baridi ikinipanda mgongoni, baridi tamu, ile mnayoijua: ya fundi anapouona ugonjwa kabla ya kuufikia. Tulikuwa tunang'oa kadi kwa mkono, mbiombio, askari wakiwa barabarani. Hakuna hata mara moja tuliyouambia mfumo kwamba kadi imeondoka. Kadi ilikuwa kwenye kopo, lakini pilote yake ilibaki ndani ya mashine, imekaa macho, ikingoja kadi yake irudi. Inayofuata ikaja na pilote yake, ikakaa juu ya ile. Na nyingine. Sasa zote zilikuwa zinadai mlango uleule wa kupitia, na kila sauti ilipotaka kutoka zilikamatana mashati mlangoni.

Hizo pilote za mizimu huzioni mfumo ukiwaka kawaida. Unazima, unawasha ukibonyeza kitufe chako kwa wakati wake, unaingia kwenye ule mtindo wa dharura, kwa Kifaransa *mode sans échec*, ambamo rangi zinakuwa mbaya na maandishi makubwa kama ya watoto. Huko mfumo hauna aibu, unaonyesha kila kilichowahi kupita ndani yake. Nikafungua sehemu ya sauti.

Zilijipanga kutoka juu hadi chini ya skrini. Ramazani aliweka kikombe chini. Kavira akapiga kofi.

"Bako bote! Angalia, majeshi yote bako humu!"

Sikuwa na haja ya kueleza tena. Nilichagua ya kwanza, nikabonyeza kufuta.

"Ile ni ya bale ba bottes!" Kavira akatangaza uwanjani. "Bameenda!"

Mama mmoja kwenye mkeka akapiga kigelegele, nadhani kwa utani. Nikafuta ya pili.

"Bale ba kofia! Bameenda!"

Vigelegele viwili. Ya tatu, walikuwa tayari wamesimama. Kila nilipofuta, Kavira alitaja, akina mama walipiga kelele, watu wa Vuhovi walipiga miguu chini, na wapita njia walichungulia langoni kuuliza ni nani anafukuzwa. Alipotaja wale waliokula kuku, Mama Masika mwenyewe, jirani, alipasua umati akaomba abonyeze kwa mkono wake. Nikamwachia. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayeua chawa. Sijawahi kuona tena watu wakishangilia kazi ya matengenezo ya mfumo. Mimi ni mtu mtulivu, lakini niseme ukweli: nilikuwa nacheka hadi machozi yanaangukia clavier, ile kibodi, na Ramazani alikuwa ameinamia meza akishika tumbo, naye hakuwa anatapika.

Zilipokwisha zote, nikazima. Nikaingiza kadi moja tu. Nikawasha. Nikaweka pilote moja tu, ya Ramazani. Nikawasha tena.

Mfumo uliimba wimbo wake wa kuamka, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mbuzi hazikujibu kitu.

Baba Mudogo aliwaketisha watu. Kavira alirudi kwenye mkeka wake, kisha akaona ni mbali, akaja akasimama karibu nami. Niliingiza CD. Kulikuwa na mngurumo, kelele za magari ya mbali, na mtu mmoja akisema kitu kwa Kiarabu. Kisha sauti ya Papa Paluku ikatoka kwenye baffles mbili za kuazima, pana na ya kukwaruza kidogo, kama alivyo.

"Kasereka, mudogo wangu, na weye iko? Na banyumba yote, na bageni yetu ba Vuhovi, wasingya, wasingya, asante kwa kuya. Miye Paluku. Niko muzima. Niko Dubai, kuko joto, chakula haiko na ladha, mais lakini niko muzima."

Minong'ono ya marehemu ilikufa palepale. Mama aliyekuwa ananong'ona akaanza kumsifu Mungu kwa sauti kubwa, akanyamazishwa.

"Kavira," sauti ikasema. "Mutoto wangu. Minajua leo bamefika na mbuzi. Minataka niseme..."

Na ikakatika.

Nilitazama skrini. Haikuwa bluu, lakini hilo halina maana, mashine inaweza kuganda bila kubadilika rangi. Niliangalia taa ya kisomeo cha CD: ilikuwa inapepesa au haipepesi? Baba Mudogo alinitazama, kisha akatazama kamba za mbuzi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuanzisha upya, kile kidogo cha chini. Nilikuwa nimeshakigusa.

Kavira akanishika kiganja.

"Muache," akasema polepole. "Papa iko natafuta maneno."

Nikangoja. Ngurumo ya jenereta, na ndani ya baffles, ukisikiliza kwa makini, magari ya Dubai yakipita. Kisha pua ikivutwa. Kisha kikohozi, na sauti ikarudi, ndogo kuliko mwanzo.

"Minataka niseme, mbuzi nimezipokea. Zote. Bamuchukue mutoto. Mais bamutunze, juu ule hapana wa kwanza kwangu wala wa mwisho, mais njo ule anajuaka kunichekesha."

Sitaweza kuelezea kelele zilizofuata. Kakule aliachia kamba, na mbuzi kweli wakakimbia, na watu wa Vuhovi wakawafukuza kwenye uwanja wote wakiimba. Wawili waliingia depo, wakapanda juu ya vitenge. Ramazani alikumbatiwa na mama asiyemjua. Baba Mudogo peke yake hakutikisika. Alivua ile kofia, chini yake hakukuwa na kitu chochote cha ajabu, upara tu, akaisogelea kompyuta kama anavyosogelewa mtu.

"Ndiyo, Yaya," akaiambia. "Tumesikia. Nimezipokea kwa jina yako." Akangoja kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Muulize anarudi lini."

"Haisikii, Baba Mudogo. Inasema tu."

Akavaa kofia yake tena.

"Basi aseme tena."

Nikairudisha mwanzo. Waliokuwa wakifukuza mbuzi walisimama walipoisikia ile sauti, mmoja akiwa amemkumbatia mbuzi wake kifuani. Papa Paluku akasalimu tena, akalalamika tena juu ya joto na chakula, na safari hii watu walicheka palepale alipotaka wacheke. Akamwita binti yake. Akanyamaza. Na uwanja wote ulinyamaza pamoja naye, kila mtu akimpa nafasi ya kutafuta maneno yake, na mimi mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma.